Nani Aliwatoa Watu Nje? Hotuba kwa Viongozi wa Makanisa juu ya Ulinzi wa Watoto

(Hotuba hii ilitolewa katika semina ya wachungaji, makatekista, wazee wa kanisa, walimu wa shule ya Jumapili na viongozi wa kwaya. Tunaiweka hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakufika.)

Bwana Yesu asifiwe! Tumsifu Yesu Kristo! Na ambao kwenu salamu si hizo, habari za asubuhi.

Baba wachungaji, mapadre, masista, wainjilisti, wazee wa kanisa, kina mama. Na nyinyi walimu wa shule ya Jumapili mliokaa nyuma kama kawaida yenu, naomba msogee mbele, viti vipo. Leo wenye shughuli ni nyinyi.

Tufungue Samweli wa Pili, sura ya 13. Ni sura ambayo ni nadra kuisikia ikihubiriwa, na mkishaisoma mtaelewa kwa nini.

Amnoni, mtoto wa mfalme Daudi, alimtamani Tamari, dada yake wa baba mmoja. Hakumvizia porini. Alikuwa na rafiki, Yonadabu, ambaye Biblia inasema alikuwa mwerevu sana, na mwerevu huyo akampa mpango: jilaze, jifanye mgonjwa, baba yako akija kukujulia hali mwombe Tamari aje akupikie. Mfalme akaja. Mfalme akaombwa. Mfalme mwenyewe akatuma ujumbe kwa binti: nenda nyumbani kwa kaka yako. Binti akaenda, maana baba kasema. Akakanda unga, akaoka mikate, Amnoni akimtazama. Na hapo Amnoni akatoa amri ambayo naomba muishike mpaka mwisho wa maneno yangu: watu wote watoke nje. Wakatoka wote.

Sasa nawauliza. Kati ya waliotoka, nani aliona ubaya? Mtumishi aliyeshika sinia? Kijana wa mlangoni? Mgonjwa ni mtoto wa mfalme. Anayempikia ni dada yake. Nani angethubutu kusema, "Mimi sitoki"?

Baada ya kumbaka, Amnoni alimwita mtumishi amtoe Tamari nje na kufunga mlango nyuma yake. Tamari hakunyamaza, hilo watu wengi hulisahau. Alijitia majivu kichwani, akairarua kanzu yake, akaenda njiani akilia kwa sauti. Ni kaka yake Absalomu aliyemwambia anyamaze, kwa sababu aliyemtenda ni ndugu yake. Na mfalme je? Mfalme alisikia habari yote, akakasirika sana. Halafu? Tafuteni mstari unaofuata. Hamtaona alichokifanya. Alikasirika, basi. Miaka miwili baadaye Absalomu alimuua Amnoni, na nyumba ya Daudi haikutulia tena.

Ndugu zangu, nyumba ile haikukosa sheria, wala haikukosa watu wa ibada. Ilikosa mtu wa kubaki chumbani. Basi asubuhi ya leo tunazungumzia namna ya kupanga kanisa ili kila mtoto alipo pawe na mtu ambaye kazi yake ni kutotoka.

Tuanze na adui mwenyewe, kwa sababu tunamtafuta mahali asipo. Tunawaambia watoto wasipokee pipi kwa mtu wasiyemjua, wasipande gari la mgeni. Ni sawa, waambieni. Lakini mtu anayeharibu mtoto kanisani kwa kawaida anajulikana jina lake, na watoto humwamkia shikamoo kila Jumapili. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 na kutolewa mwaka 2011 uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana 3 kati ya 10 walisema waliwahi kufanyiwa ukatili wa kingono angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka 18. Na wavulana? Takriban 1 kati ya 7. Narudia hilo la wavulana kwa sababu naona baadhi ya wazee wanatazamana. Mmoja kati ya saba. Hesabuni kwaya yenu ya vijana.

Sasa chukueni mfano. Nimeutunga, msihangaike kumtafuta mhusika. Kuna kijana wa miaka 13, tumwite Baraka, baba yake hayupo, mama anauza mboga. Kuna mwalimu wa kinanda, mtu mpole, anajua nyimbo zote. Mwezi wa kwanza anajitolea kumfundisha Baraka kinanda bure. Mwezi wa pili analipa michango ya shule. Mwezi wa tatu ananunua viatu, na mama anasimama kanisani kutoa ushuhuda wa kumshukuru Mungu kwa ajili ya mtumishi huyu. Mnaona kinachoendelea? Mtoto hajaguswa bado. Anayelainishwa kwanza ni mama, kisha ni kanisa zima. Mwezi wa nne ndipo zinaanza siri ndogo: soda ambayo mama asiambiwe, utani mchafu kidogo, video kwenye simu. Hivi ni vipimo. Mtu huyu anapima kama Baraka atasema. Baraka hasemi, maana ni soda tu. Mwezi wa sita kuna safari ya kwaya, na vitanda havitoshi.

Siku Baraka atakapotaka kusema, atamwambia nani? Mama aliyetoa ushuhuda?

Ndiyo maana ukingoja kuona "mtu mbaya" utangoja mpaka mwisho wa dunia. Unachoweza kukiona mapema ni mwendo: zawadi zinazopita mkono wa mzazi, muda wa peke yao, siri, na sheria inayolegezwa kwa ajili ya mtu mmoja. Mwendo huo una dawa, na dawa yenyewe haihitaji umshuku mtu yeyote.

Tuingie kwenye taratibu zenyewe. Kalamu mnazo? Andikeni.

La kwanza ni watu wazima wawili. Kila darasa, kila kundi, kila safari, watu wazima wawili wasio mume na mke wala ndugu wa nyumba moja. Kwa nini wasiwe mume na mke? Kwa sababu mke atamlinda mumewe kabla ya kumlinda mtoto wa jirani, na mume vivyo hivyo. Uingereza wanapendekeza mtu mzima 1 kwa watoto 6 wa miaka minne hadi minane, 1 kwa watoto 8 wa miaka tisa hadi 12, na 1 kwa 10 kwa walio juu ya hapo. Nasikia mnacheka. Najua, nyinyi mna watoto 150 chini ya mwembe na walimu wawili, mmoja wao mjamzito. Sawa. Kipimo hicho kiwe shabaha ya baadaye. Sharti la leo ni moja: asibaki mtu mzima mmoja peke yake na watoto. Mwenzako hakuja? Unganisheni madarasa. Haiwezekani? Toeni mabenchi nje, mfundishe mahali wapita njia wanapoona. Mwembe ni salama kuliko chumba chenye komeo. Kwa hilo makanisa maskini mnawazidi wenye majengo.

La pili ni milango na funguo. Jumatatu zungukeni jengo lote mkiwa wawili, na daftari. Ofisi, sakristia, stoo ya vyombo vya muziki, chumba cha maombezi, nyumba ya mlinzi. Kila chumba jiulizeni maswali matatu: kinafungwa kwa ndani? Mtu wa nje anaona ndani? Ufunguo anao nani? Mtashangaa jibu la swali la tatu. Kuna funguo zilitolewa kwa mtu aliyehama kanisa miaka mingi iliyopita. Chumba watoto wanamoingia kitolewe komeo la ndani, na mlango uwekewe kioo au ubaki wazi. Watoto wa utumishi wa altare wavae mavazi yao mahali pa wazi au wakiwa pamoja, mtu mzima akae mlangoni, wala asiwasaidie kuvua kitu ambacho wanaweza kukivua wenyewe.

Vyoo. Hapa ndipo semina nyingi huona aibu, nasi hatutaona. Vyoo vya makanisa yetu viko nyuma ya jengo, karibu na migomba, na ibada huchukua muda wa saa tatu. Mtoto wa miaka mitano anatoka peke yake, nani anamwona? Wekeni zamu. Mtu mmoja mzima, mwanamke, akae mahali anapoona njia ya chooni wakati wote wa ibada, na jina lake liandikwe kwenye ratiba kama la mhubiri. Watoto waende wawili au watatu pamoja. Mdogo anayehitaji kusaidiwa, amsaidie mzazi wake. Mzazi hayupo, walimu wawili waende pamoja, mmoja asaidie na mwingine asimame mlango ukiwa wazi.

Usafiri. Mazoezi ya kwaya yakiisha saa 2 usiku, nani anampeleka binti wa miaka 14 nyumbani? Kwenye sharika nyingi ni kiongozi mwenye pikipiki, na kila mtu anamsifu. Msimsifu. Mbadilishe saa. Mazoezi ya watoto yaishe saa 11 jioni, jua lipo, warudi kwa makundi ya mitaa yao. Mzazi akishindwa, apigiwe simu mbele ya watu wawili na atamke mwenyewe nani amchukue mtoto, na jina la mtu huyo liandikwe.

Mikesha na makambi, hapo nitakaa kidogo. Kwaya zetu zinaposafiri hugawanywa kwa wenyeji: "Wewe chukua wawili, wewe chukua mmoja." Huo ni ukarimu na ni desturi nzuri ya kikristo, lakini kwa watoto naomba muiache. Walale pamoja darasani au ukumbini, wasichana upande wao na wavulana upande wao, majengo tofauti yakiwezekana, watu wazima wawili kila upande, wa jinsia ileile, na taa moja iwake usiku kucha. Mtu mzima asishiriki godoro wala chandarua na mtoto asiye wake. Watoto wakubwa wa miaka 17 wasichanganywe na wa miaka tisa, kwa sababu mtoto naye anaweza kumdhuru mtoto. Kabla ya safari kila mzazi atie sahihi karatasi yenye vitu vinne: wanakwenda wapi, wanarudi lini, nani anawajibika, na namba ya simu ya mzazi. Na iwepo orodha ya majina inayoitwa kabla ya kulala na asubuhi, kwa sauti. Katika mkesha, mtoto aliyelala asibebwe kupelekwa "akapumzike" nyumbani kwa mtu. Alale pale pale, mbele ya mama zake.

Maombezi. Naomba tusikilizane vizuri hapa, maana baadhi yenu mmekuja kwa ajili ya sehemu hii tu. Mtumishi anasema roho haiwezi kutoka watu wakiwepo. Mtumishi anasema binti huyu aombewe peke yake, usiku, kwa siku saba. Mtumishi anasema mafuta yapakwe mwili mzima. Mmeisikia sauti hiyo leo asubuhi? Watu wote watoke nje. Ni amri ileile, safari hii ina jina la Mungu juu yake. Maombi ya mtoto yafanyike mzazi akiwepo, au mtu mzima mwingine ambaye mtoto mwenyewe amemchagua. Mkono uwekwe kichwani au begani. Nguo haivuliwi. Mtoto halali kanisani kwa ajili ya kuombewa. Na anayesema upako wake hautaki mashahidi, mwambieni Bwana Yesu alipomfufua binti Yairo aliwatoa waliokuwa wakimcheka, lakini baba na mama wa mtoto aliwaingiza pamoja naye.

Ushauri na maungamo: yafanyike mahali panapoonekana, ambapo hapasikiki. Bustanini, kwenye benchi la kanisa wakati fundi wa maua anapanga maua, au kwenye kiti cha kitubio chenye wavu kati.

Zawadi na ada. Anayetaka kumsomesha mtoto apitie kwa mweka hazina, risiti iandikwe, mzazi ajulishwe, na mtoto asiwe na deni la shukrani kwa mtu mmoja. Hii iwahusu pia wafadhili na wageni wa kujitolea kutoka nje. Mgeni anafika Jumatano, Ijumaa ameshapewa watoto kumi aende nao ziwani. Kwao asingeruhusiwa hata kuingia darasani kabla ya kuchunguzwa. Mbona kwetu ngozi au dola inakuwa barua ya utambulisho?

Simu nitaipitia haraka: ujumbe kwa watoto uende kwenye kundi ambalo wazazi na kiongozi wa pili wamo, hakuna kumwandikia mtoto faraghani, hakuna kumtumia vocha, na picha ya mtoto isiwekwe mtandaoni pamoja na jina lake na shule yake.

Na fimbo. Mwalimu wa shule ya Jumapili hana fimbo. Sitafafanua.

Kumpata mwalimu je? Kwetu anayejitokeza ndiye anayepewa, maana hakuna wengine. Lakini mtu aliyefika mwezi uliopita asipewe watoto mwezi huu. Miezi sita awe muumini tu, aonekane. Ajaze fomu: alikotoka, makanisa aliyotumikia, wadhamini wawili wasio ndugu zake. Kisha, na hili ndilo halifanyiki, mtu apige simu kanisa la zamani na aulize kwa maneno haya: "Kwa nini aliondoka? Na wewe ungemkabidhi mtoto wako kwa siku tatu?" Sikilizeni kimya kinachotangulia jibu. Hati ya tabia njema ya polisi ni nzuri, iombeni, lakini jueni inachosema. Inasema huyu hajatiwa hatiani. Wengi wa wanaowadhuru watoto hawajawahi kufikishwa popote, kwa hiyo hati safi isiwalaze usingizi.

Haya. Tumepanga yote, na bado mtoto mmoja anakuja kwako Jumapili asubuhi.

Tumwite Neema, ana miaka tisa, naye ni wa mfano. Saa 5 asubuhi, baada ya somo, anabaki nyuma. "Mwalimu, mimi sitaki tena kwenda kufagia kwa mzee fulani." Mwalimu anauliza kwa nini. Kimya. Halafu: "Jana jioni alinifanyia vibaya."

Mwalimu afanye nini? Niwaambie kwanza anachofanya mara nyingi. Anashtuka, anasema "Mungu wangu! Mzee yule yule?" Neema anaona uso wa mwalimu na anaanza kurudisha maneno. Mwalimu anamuuliza, "Amekushika hapa? Amekuvua nguo?", na mtoto anaitikia kila kitu kwa kichwa, kwa hiyo baadaye wakili atasema maneno alipewa na mwalimu. Mwalimu anamwita mzee wa kanisa. Mzee anamwita mwenzake. Neema anasimulia mara ya pili, mara ya tatu, mbele ya wanaume watano. Mama yake anaitwa, anamwogesha kwa uchungu, anazifua nguo. Kikao kinapangwa Jumatano.

Tuhesabu pamoja. Tendo lilikuwa Jumamosi saa 12 jioni. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Saa 72 zinaisha lini? Semeni. Jumanne saa 12 jioni. Kikao ni Jumatano. Ajenda ya kwanza ni sala ya kufungua.

Basi turudi saa 5 asubuhi tuanze upya. Kaa chini, uso wako uwe sawa na wa mtoto. Tulia hata kama moyo unapasuka. Sema, "Umefanya vizuri kuniambia. Si kosa lako." Kisha sema, "Niambie ilikuwaje," halafu nyamaza. Usiulize swali la kujibiwa ndiyo au hapana. Ukishajua nani, nini kwa kifupi, wapi na lini, imetosha, mengine ataulizwa na waliofundishwa. Akikuomba usimwambie mtu, usiahidi. Mwambie, "Nitawaambia watu wachache tu wanaoweza kukusaidia, na nitakueleza ni nani." Mtoto aliyedanganywa na mtu mmoja asidanganywe na wa pili.

Andika saa hiyohiyo. Tarehe, saa, mahali, na maneno ya mtoto kama alivyoyasema. Akisema "kidudu", andika "kidudu", usiandike neno la daktari. Tia sahihi.

Halafu simu. 116, ni bure, ni ya watoto, na wageni wetu kutoka Kenya, namba kwenu ni hiyohiyo. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, na mpigie afisa ustawi wa jamii. Polisi watatoa fomu ya PF3, ya kwenda nayo hospitali. Mahali penye kituo cha mkono kwa mkono, daktari, polisi na ustawi wa jamii wako chini ya paa moja, nendeni huko. Polisi wakiwa mbali na hospitali ikiwa karibu, anza na hospitali, maana saa zinakwenda. Mtoto asiogeshwe kwanza. Nguo zake zisifuliwe, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, usiwe wa plastiki, kwa sababu plastiki hufungia unyevu na ushahidi huoza. Hospitali watampima, watampa dawa za VVU za siku 28, watamtibu maambukizi mengine, na kwa binti aliyevunja ungo kuna suala la kuzuia mimba, ambalo nalo lina muda wake, saa 120. Dawa za siku 28 huchosha tumbo, na hapo ndipo watoto huziacha. Kazi ya kanisa katika wiki hizo nne ni kuhakikisha kuna chakula nyumbani na nauli ya kurudi kliniki. Hilo ndilo fungu la diakonia, la kusaidia wahitaji, litumieni.

Na kitu kimoja msifanye kabisa: msimwite mtuhumiwa "kusikia upande wake". Mkimwita Jumapili mchana, jioni ameshakwenda kwa mama yake Neema na kilo kumi za mchele.

Hapa kuna mzee atasimama na Mathayo 18. "Ndugu yako akikukosa, nenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu." Ndiyo, mzee wangu. Anza mwanzo wa sura hiyohiyo. Inaanza na mtoto aliyesimamishwa katikati ya wanafunzi. Mstari wa 6 ni jiwe la kusagia shingoni mwa anayemkosesha mmoja wa wadogo hawa. Jiwe limetangulia usuluhishi. Ugomvi wa kiwanja patanisheni. Kubaka mtoto ni jinai, adhabu yake kwa sheria za Tanzania ni kifungo kisichopungua miaka 30, na mtoto akiwa chini ya miaka 10 ni kifungo cha maisha. Jinai haipatanishwi kwa ng'ombe, wala kwa kumwoza binti. Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Imesema kila mwanajamii. Haikusema isipokuwa mchungaji.

"Lakini hakuna shahidi." Shahidi yupo, ana miaka tisa. Sheria ya Ushahidi inairuhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake katika makosa ya kujamiiana, ikiridhika kwamba mtoto anasema kweli. "Na akiwa amesingizia?" Ni swali halali, na jibu lake ni kwamba kuchunguza si kazi yako. Wewe siku hiyohiyo unamsimamisha huyo mtu asikaribie watoto, bila kumhukumu, bila kumtaja madhabahuni, na kama ni mwajiriwa mshahara unaendelea. Mwalimu aliyefuata kanuni ya wawili ana mtu wa kusema alikuwa wapi. Kanuni ile inamlinda na yeye.

Sasa niwape kisa cha kweli, cha makanisa ya wasomi na matajiri, ili tusijidanganye kwamba haya ni mambo ya vijijini. Uingereza, miaka ya 1970 mwishoni. John Smyth, wakili mkubwa, aliongoza taasisi iliyokuwa nyuma ya makambi ya kikristo ya wavulana wa shule za kitajiri. Aliwachukua vijana mpaka kibanda cha bustanini kwake, Winchester, akawachapa bakora mpaka damu, akisema ni njia ya utakatifu. Mwaka 1982 watu wa kanisa waliandika taarifa. Waliijua. Waliisoma wao kwa wao. Polisi hawakuambiwa. Wakati ule waliona la muhimu ni aondoke, na mwaka 1984 aliondoka.

Alikwenda wapi? Afrika. Alikuja Zimbabwe, akaanzisha makambi ya wavulana. Desemba 1992 kijana wa miaka 16 alifariki katika kambi yake, Marondera. Smyth alifikishwa mahakamani na kesi ikaanguka. Mwaka 2001 akahamia Afrika Kusini, na mwaka 2018 akafia Cape Town bila kuhukumiwa popote. Uchunguzi uliotolewa Novemba 2024 ulikadiria kwamba aliowadhuru huenda wanafika 130, wengi wao wakiwa wa huku kwetu Afrika, na siku chache baadaye Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, aliyekuwa kiongozi mkuu wa Anglikana, alijiuzulu kwa ajili ya hayo.

Nani aliwatoa watu nje, hapo? Taarifa ya 1982 ilikuwa ni karatasi tu. Ingetosha kuipeleka kituo kimoja cha polisi. Badala yake walimpa njia, na njia ilielekea kwa watoto ambao wazazi wao hawakuijua karatasi ile.

Kwa hiyo mtumishi mwenye tuhuma asihamishwe. Usharika usimwandikie barua nzuri ili uondokane naye. Mnaposema "amepewa likizo ya masomo" kumbe mnajua, mnawapelekea watu wa kule Amnoni na mnamtafutia wa kumwokea mikate. Na aliyefungwa, akatumikia, akarudi, akatubu? Apokelewe. Neema ya Mungu ni yake. Lakini atie sahihi karatasi: anakaa wapi ibadani, nani anakaa naye, haendi upande wa watoto, hashiki cheo, hakaribishi mtoto kwake. Mtoto aliyedhuriwa naye akiwa bado anasali hapo, anayetafuta kanisa jingine ni yeye mkubwa. Nimeona uso wa mtu pale unauliza, "Msamaha uko wapi?" Msamaha upo. Ufunguo wa stoo haumo ndani yake.

Watoto wenyewe tuwafundishe nini? Machache. Majina ya viungo vyao, bila kificho. Kwamba sehemu zinazofunikwa na nguo ya ndani ni zao. Kwamba siri ya zawadi ya Krismasi ina siku ya kufunguliwa, na siri isiyo na siku ya kufunguliwa iletwe kwa mtu mkubwa, na ikiwa wa kwanza hakusikia, waende kwa wa pili na wa tatu. Na kuhusu heshima: shikamoo ni ya mdomo. Haimdai mtoto akakae mapajani mwa mtu wala akumbatiwe na kila mgeni. Mtoto akisema sitaki, mama asimfinye. Fikirieni watoto wenye ulemavu pia, hasa asiyesikia na asiyeweza kusema, maana yule anayetafuta siri atamtafuta mtoto ambaye siri haitamtoka. Walimu wajifunze ishara chache, na picha ya mwili iwepo darasani mtoto aweze kuonyesha kwa kidole.

Kabla ya chakula naomba jambo moja. Kila usharika na kila parokia mkae pamoja dakika 20, hapa hapa ukumbini. Mwandike majina mawili, mwanamke mmoja na mwanaume mmoja, watakaopokea taarifa za watoto. Mchungaji na padre wasiwe miongoni mwao, kwa sababu siku taarifa itakapomhusu mchungaji ni lazima iwe na pa kwenda. Majina hayo na namba ya 116 yabandikwe mahali pawili: ukutani pa darasa la shule ya Jumapili, kwa kimo cha mtoto wa miaka minane, na nyuma ya mlango wa choo. Karatasi na kalamu nzito ziko mezani pale kushoto. Wenye maswali ambayo hamwezi kuyauliza mbele ya watu, nitakuwa kwenye benchi chini ya mti, mahali wote mnaniona.